Panda, Shuka

Wenzangu wa semina walikodi basi kwenda kutazama panda.
Nikasema tumbo linanisokota. Uongo.
Nilitaka Chongqing kwa miguu yangu mwenyewe,
siku moja na nusu, kabla ndege haijanidai.

Simu ikanionyesha kitone cha buluu: Umefika.
Nimefika wapi? Mbele yangu ukingo wa chuma,
ng'ambo ya ukingo, hewa.
Mtaa niliokuwa nautafuta ulikuwa chini ya nyayo zangu,
ghorofa kumi na tisa chini,
una miti yake, una pikipiki zake,
una mwanamke anayeanika shuka.
Ramani inajua kushoto na kulia.
Juu na chini haikufundishwa.

Basi nikashuka.
Ngazi za mawe, zimelika katikati kama sabuni ya juzi,
zinapita madirishani mwa watu, karibu hivi
nikaona hadi kilichopo mezani:
bakuli, vidonge vya presha, mtoto kalalia daftari.
Hakuna aliyeshtuka. Wamezoea miguu ya wapita njia
ikikatiza usawa wa televisheni.
Treni ikaja juu ya kichwa changu,
ikaingia tumboni mwa jengo lenye nguo zimeanikwa,
ikatokea upande wa pili
bila hodi.

Huko chini, ubao. Nikaunyoshea simu inisomee.
Uso mdogo wa Dada Mou, ikasema.
Ikafikiri tena:
Tambi ndogo za Dada Mou.
Nikaketi kwenye kigoda cha plastiki, magoti
yakapanda kunisalimia kidevuni.

Pilipili ya pale haichomi kisha ikaisha.
Inakufa ganzi mdomoni,
ulimi unakuwa wa mtu mwingine, umeazimwa.
Nilipouliza bei, Dada Mou akakunja vidole vitatu,
akabakisha gumba na kidole cha mwisho,
akautikisa mkono.
Kwetu hiyo ni simu.
Nikamkabidhi simu.
Akaitazama. Akanitazama.
Kijana wa meza ya pili, koti la manjano la kupelekea watu chakula,
akapaliwa na mchuzi kwa kicheko,
kisha akachovya kidole bakulini akaniandikia mezani, kwa mafuta mekundu:
6.

Alasiri ukungu ukaushika mji, nami nikapotea
kwa raha, kisha bila raha.
Kwenye ngazi nyingine, sijui za wapi,
mchukuzi mmoja alikuwa ametua mzigo wake,
mwanzi begani, vigae huku na huku,
na mfuko wa machungwa usiokuwa na pa kukaa.
Akasema jambo refu. Nikainua simu imsikilize.
Samahani, lugha haijatambulika.
Kisha simu nayo ikazima.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi wa siku moja na nusu nililipewa mapema:
akanitwika machungwa, akaonyesha juu kwa kidevu.
Tukapanda. Alihema mara moja, mimi mara tatu.
Tukapanda tena. Jina lake Ran; alijipiga kifuani akalitaja,
nami nikalitaja langu, akalivunja vipande viwili,
akachagua kipande cha pili.

Juu kabisa palikuwa na barabara, magari, duka la viatu,
kama kwamba hapo ndipo ardhi inapoanzia.
Mteja akamlipa Ran kwa simu, mlio mmoja, kwisha.
Lakini Ran akajipekua mifuko yote
mpaka akapata sarafu ya yuani moja.
Nikakataa kwa mikono miwili.
Akaitia mfukoni mwangu mwenyewe, akapiga juu yake
kama mtu anayefunga barua.

Lifti ya kurudi mtoni ilikuwa yuani moja.

Usiku wenzangu wakanionyesha picha arobaini,
panda kalala, kawapa mgongo.
Vipi tumbo? wakauliza.
Nikavuta shuka hadi shingoni.
Magoti yangu, huko chini, yalikuwa bado yanapanda.